Alama 62 katika wiki ya 3: uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi wa uuguzi

Mwanafunzi yuko mwaka wa pili wa shahada ya uuguzi ya miaka minne. Ni wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Lugha ya kufundishia ni lugha yake ya pili, na watu wa jamii yake ni nadra kuonekana miongoni mwa wahadhiri na wauguzi wanaomfundisha. Usiku mara tatu kwa wiki anafanya kazi ya malipo katika nyumba ya kulea wazee, jumla saa 24. Mwaka wa kwanza aliumaliza bila kurudia somo lolote.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia katika shule za uuguzi, na namba zake zimewekwa ili hesabu zifuatike. Tumekichagua kwa sababu mwanafunzi wa namna hii huondoka chuoni akiwa ameandikiwa "ameshindwa masomo", na maneno hayo huziba kila kitu ambacho kingeweza kurekebishwa.

Hali ilivyokuwa

Somo lililomkaba ni uuguzi wa magonjwa ya ndani na upasuaji. Muhula una wiki 15. Somo lina majaribio manne, kila moja maswali 50 na uzito wa asilimia 15, kisha mtihani wa mwisho wa maswali 100 wenye uzito wa asilimia 40. Kufaulu ni asilimia 75. Jaribio la kwanza, wiki ya 3, alipata 31 kati ya 50, yaani asilimia 62. La pili, wiki ya 6, alipata 33, asilimia 66. Mtihani wa kukokotoa dozi una maswali 20 na lazima apate angalau 18. Ameufanya mara mbili akapata 16, kisha 17, na nafasi ya tatu ndiyo ya mwisho. Wodini amechelewa mara mbili. Mwalimu wa kliniki ameandika: "Hana kujiamini. Hasemi."

Kanuni ya programu ni kwamba anayefeli somo moja la uuguzi husubiri lifundishwe tena mwaka unaofuata, na anayefeli mawili anadisko, yaani anaondolewa masomoni. Juu ya hayo kuna ufadhili, ambao hukatika mwanafunzi akishuka chini ya krediti 12. Muhula huu anasoma 15.

Programu ilifanya nini? Ilimtumia barua pepe mbili za onyo, maneno yaleyale wanayotumiwa wote walio chini ya 75: aongeze bidii, mlango wa mhadhiri uko wazi, kituo cha usaidizi wa masomo hufunguliwa saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Hakwenda. Kwenye faili pakaandikwa kwamba amepewa msaada na hakuutumia.

Hatukubaliani na maelezo hayo. Msaada unaomtaka mwenye muda mchache kuliko wote autafute mwenyewe, saa ambazo yuko darasani, yuko wodini au amelala baada ya zamu, utawafikia wale ambao wangefaulu hata bila huo msaada. Kisa hiki kinaonyesha kwamba kabla ya kumwambia mwanafunzi aongeze bidii, lazima ijulikane alama zinapotelea wapi. Hilo hujulikana kwa kufungua karatasi yake na ratiba yake, na kazi hiyo ni ya programu.

Karatasi ya mtihani

Wiki ya 7 mshauri wa masomo alikaa naye dakika 45, karatasi ya jaribio la kwanza ikiwa mezani. Shule nyingi huzuia karatasi zisirudi mikononi mwa wanafunzi ili maswali yasivuje. Ni hofu halali, na dawa yake si ngumu: karatasi inafunguliwa mbele ya msimamizi, simu zinabaki nje, hakuna kunakili. Anachoandika mwanafunzi ni namba ya swali na sababu ya kukosa, basi.

Kwa kila swali alilokosa aliulizwa jambo moja: "Ulipochagua jibu hili ulikuwa unafikiri nini?" Makosa 19 yakagawanyika hivi. Matano ni ya kutojua: hakuijua elimu ya swali. Sita ni ya kusoma: alijua ugonjwa wenyewe lakini alijibu swali ambalo halikuulizwa. Manne ni ya kubadili jibu sahihi kuwa kosa. Manne ya mwisho aliyajibu kwa kubahatisha muda ulipokuwa unaisha.

Maana yake, kati ya alama 19 alizopoteza, bidii ya kusoma kitabu ingeokoa tano tu. Kwa hizo tano angekuwa na 36, asilimia 72, na bado angefeli.

Kosa la kusoma linaeleweka vizuri kwa mfano. Swali liliuliza dalili ya mapema ya upungufu wa oksijeni. Majibu yalikuwa na kutotulia, na yalikuwa na midomo kugeuka bluu. Alichagua midomo ya bluu. Alipoulizwa alieleza bila kusita kwamba bluu huja mwishoni na kwamba mgonjwa huanza kwa kuhangaika. Neno "mapema" lilimpita. Anayesoma kwa lugha yake ya pili akiwa na saa ya ukutani kichwani hushika nomino na kuachia maneno madogo: mapema, kwanza, isipokuwa, muhimu zaidi. Na katika maswali ya uuguzi ndiyo yanayoamua jibu.

Kwa maswali ya kubadili jibu, walimu wengi wana ushauri wa haraka: usibadilishe, jibu la kwanza ndilo. Ushauri huo haufai kutolewa bila kuhesabu. Tafiti za miongo mingi zinaonyesha kwamba kwa wastani mabadiliko mengi hutoka kosa kwenda sahihi. Kwa mwanafunzi huyu hesabu ilikuwa tofauti: alibadili majibu sita, mawili yakawa sahihi na manne yakaharibika, na yote manne aliyabadili dakika kumi za mwisho, akiwa na hofu. Aliwekewa kanuni inayomfaa yeye: badilisha pale tu unapoweza kuonyesha neno ndani ya swali ulilokuwa umeliruka.

Sasa muda. Jaribio lilikuwa maswali 50 kwa dakika 50. Mtihani wa leseni wa Marekani, NCLEX, ambao walimu wengi huutaja wanapotetea ukali wa mitihani ya darasani, tangu Aprili 2023 una maswali 85 hadi 150 na muda wa saa 5. Hata anayefika swali la 150 anapata dakika 2 kwa kila swali. Shule inayotoa dakika moja inapima kasi ya kusoma zaidi ya unavyoipima mtihani wenyewe wa kuingia kazini, na gharama hiyo wanaibeba zaidi wale wanaosoma kwa lugha ya pili. Pendekezo letu lilikuwa darasa zima lipewe dakika 75. Kumwongezea muda yeye peke yake kungemfanya atazamwe, na kungeacha kosa la mtihani pale pale kwa ajili ya kundi lijalo. Mhadhiri alikubali kuanzia jaribio la tatu. Ilibidi kubadilishana ukumbi na somo lingine, na hapo ndipo mapendekezo ya namna hii hukwama mara nyingi: si kwenye falsafa, ni kwenye ukumbi.

Maswali yenyewe pia yalipitiwa. Mwaka 2008 Susan Bosher na Melissa Bowles walichapisha utafiti kuhusu kurahisisha lugha ya maswali ya uuguzi kwa wanafunzi wanaosoma Kiingereza kama lugha ya pili, na wanafunzi hao waliona maswali yaliyorahisishwa yanaeleweka zaidi. Kinachorahisishwa ni sentensi. Istilahi za tiba zinabaki zote, na ugumu wa uamuzi wa kitabibu unabaki. Kwenye jaribio hili kulikuwa na swali lililouliza, kwa sentensi ndefu yenye habari za familia na kazi ya mgonjwa, ni hatua ipi "isiyopaswa kutopewa kipaumbele". Lilipoandikwa upya likawa hivi: "Mgonjwa alifanyiwa upasuaji wa tumbo saa 2 zilizopita. Mapigo ya moyo ni 124 kwa dakika, shinikizo la damu 88/52, ngozi ni baridi na ina unyevu. Muuguzi afanye nini kwanza?" Hapo anayejua dalili za mshtuko wa kupoteza damu atajibu, asiyejua atakosa. Swali halikuwa rahisi zaidi. Lilianza kupima uuguzi.

Saa 168

Ratiba ya wiki iliandikwa saa kwa saa, si kwa kukadiria. Darasa na maabara saa 16, kliniki 16, kazi ya malipo 24, safari 13, kazi za nyumbani na kumhudumia mzazi mgonjwa 18, usingizi 42 (saa sita kwa usiku, tena si usiku wote), kula na kujiandaa 14. Jumla 143. Zimebaki 25.

Kanuni inayotumika sana ni saa mbili za kujisomea kwa kila saa ya darasa. Kwa saa 16 za darasa anahitaji 32. Hata akitumia kila dakika aliyonayo anapungukiwa saa 7, na kati ya zile 25 ni 9 tu zilizokuwa katika vipande vya saa nzima au zaidi. Nyingine zilikuwa robo saa hapa, dakika 20 pale. Kumwambia mtu huyu apange muda wake vizuri ni kumkosea haki.

Marianne Jeffreys, aliyetengeneza kielelezo cha kubaki na kufaulu kwa wanafunzi wa uuguzi, anayapa uzito mkubwa mambo ya nje ya darasa: fedha, saa za kazi, majukumu ya familia, usafiri. Hapa yote manne yapo. Tena yanashikana: zamu moja ya usiku iliisha saa 12 kamili asubuhi, na kliniki ilianza saa 12:45. Kuchelewa kule mara mbili kulitoka humo. Mwalimu wa kliniki hakujua, kwa sababu mwanafunzi hakumwambia mtu yeyote kwamba anafanya kazi. Mwongozo wa programu unasema wanafunzi "wanashauriwa kutofanya kazi wakati wa muhula", na yeye aliusoma kama katazo. Sentensi ya namna hiyo haipunguzi saa za kazi hata moja. Inawafanya tu wenye shida wafiche.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mgumu: kuacha famakolojia, somo la elimu ya dawa, kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa. Mshauri asiyeangalia ufadhili angeweza kumwangamiza hapa. Krediti 15 ukitoa 3 zinabaki 12, kiwango cha chini kabisa cha kubakia na ufadhili. Angekuwa na 14 tangu mwanzo, hatua hiyo ingemkatia fedha. Famakolojia pia ni sharti la kuingia somo la muhula unaofuata, hivyo ilibidi kuthibitisha kwanza kwamba inafundishwa katika muhula mfupi wa likizo. Bila muhula huo, kuiacha kungemgharimu mwaka.

Uamuzi wa pili ulikuwa kupunguza zamu kutoka tatu hadi mbili, na isiwepo hata moja usiku wa kuamkia kliniki. Mshahara wa saa 8 zilizoachwa ulifidiwa na posho ya programu. Hesabu ikawa: saa 25, ongeza 8 za zamu, ongeza 3 za famakolojia, jumla 36, na mahitaji kwa saa 13 za darasa ni 26. Kwa mara ya kwanza muhula huo, kufaulu kukawezekana kihesabu.

Jinsi ya kuzitumia saa hizo

Alikuwa akisoma sura nzima ya kurasa 60 na kupigia rangi karibu kila mstari. Roediger na Karpicke, watafiti wa kumbukumbu, katika majaribio waliyochapisha mwaka 2006, walionyesha kwamba baada ya wiki moja waliosoma matini kwa vipindi vinne walikumbuka asilimia 40, na waliosoma kwa kipindi kimoja kisha wakajipima mara tatu walikumbuka asilimia 61. Kwa hiyo vipande vifupi vya muda vikapewa maswali: kumi kwenye kila robo saa, na kwa kila moja kuandika mstari mmoja wa kwa nini majibu mengine ni makosa. Vipande vya saa nzima vikapewa kazi isiyokatika vizuri, yaani kuchora mlolongo wa ugonjwa kutoka chanzo hadi dalili hadi hatua ya muuguzi. Kushindwa kwa moyo upande wa kushoto, damu kurudi nyuma kwenye mapafu, maji kwenye vifuko vya hewa, kukosa pumzi akilala, kumwinua kichwa. Anayeuona mlolongo huo hahitaji kukariri orodha.

Ndani ya mtihani alipewa utaratibu wa sekunde 90: soma sentensi ya mwisho ya swali kwanza; pigia mstari neno la wakati au la kipaumbele; rudi juu usome hali ya mgonjwa; jiambie swali kwa maneno yako; ndipo uangalie majibu. Ukipita dakika mbili, weka alama, songa mbele.

Pia aliingizwa kwenye kikundi cha watu watano, dakika 90 kwa wiki, kikiongozwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayelipwa. Hapa kuna funzo la Uri Treisman, aliyefundisha hisabati katika chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, miaka ya 1970. Aliona kwamba wanafunzi wengi Weusi waliofeli walikuwa na bidii kubwa ila walisoma peke yao, akaunda warsha za maswali magumu kuliko ya darasani, bila kuziita za marudio. Kikundi hiki kilifuata njia hiyo: alama za wanachama zimechanganyika, maswali ni makali, jina halisemi lolote kuhusu kufeli. Saa yake ni mara tu baada ya kipindi, wakati kila mtu tayari yuko chuoni.

Hesabu za dawa

Makosa manne ya mtihani wa kwanza wa dozi na matatu ya pili hayakuwa ya hesabu za shule. Yalikuwa ya vizio, yaani vipimo kama saa, dakika na mililita, na ya kukadiria mapema mno.

Dripu: mililita 1000 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita. Alizidisha 1000 kwa 20 akagawa kwa 8, akapata 2500, akaona si jibu la kawaida, akahangaika. Hakugeuza saa 8 kuwa dakika 480. Jibu ni 20,000 gawanya kwa 480, yaani 41.67, matone 42 kwa dakika.

Dawa ya mtoto: uzito kilo 22, dozi miligramu 15 kwa kilo, chupa ina miligramu 120 katika mililita 5. Dozi ni miligramu 330. Aligawa 330 kwa 120 akapata 2.75, akaiita 3, akatoa mililita 15. Hiyo ni miligramu 360. Sahihi ni 2.75 mara 5, mililita 13.75. Kukadiria ni hatua ya mwisho kabisa, tena kwa kufuata kipimo cha sirinji.

Dawa ya mshipa: dopamini mikrogramu 5 kwa kilo kwa dakika, mgonjwa kilo 70, miligramu 400 katika mililita 250. Mara hii alisahau kwamba miligramu 1 ni mikrogramu 1000. Mililita moja ina mikrogramu 1600. Kwa saa anahitaji 5 × 70 × 60 = 21,000. Gawanya kwa 1600, mililita 13.1 kwa saa.

Tiba yake ilikuwa kuandika kizio kando ya kila namba na kukifuta kinapokatana, mpaka kibaki kile kinachotakiwa. Kama kilichobaki ni matone kwa saa na swali linataka kwa dakika, kosa linaonekana kabla ya jibu. Alifanya maswali sita kila siku ya juma kwa wiki mbili, mchanganyiko, kamwe si ya aina moja kwa mkupuo. Nafasi ya tatu alipata 19. Kiwango cha 18 hakikuguswa, na hakipaswi kuguswa: mgonjwa haangalii aliyempa dozi alitoka wapi.

Wodini

"Hana kujiamini. Hasemi." Tathmini hii haina tendo hata moja ndani yake, kwa hiyo haiwezi kurekebishwa wala kupingwa. Mwalimu wa kliniki aliombwa aeleze tukio. Akalikumbuka: mgonjwa wa kilo 70 alitoa mkojo mililita 20 kwa saa, saa mbili mfululizo. Kiwango cha chini kinachotumika ni mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, kwake 35. Mwanafunzi alipima, akaandika kwenye chati kwa usahihi, akapigia mstari. Hakumwambia mtu.

Ni rahisi kusema huo ni utamaduni wake, kwamba wanaotoka kwao hawawakatizi wakubwa. Maelezo hayo hayana msaada na mara nyingi si ya kweli. Alipoulizwa alisema hakujua amwambie nani: muuguzi wa zamu, mwalimu au daktari. Wenzake wenye mama au shangazi muuguzi walikuja na ujuzi huo kutoka nyumbani, yeye hakuwa na wa kumuuliza. Basi akafundishwa, kama anavyofundishwa kupima presha. Mfuatano ni utambulisho, hali, historia, tathmini, ombi: "Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, namhudumia mgonjwa wa kitanda cha 6. Mkojo wake ni mililita 20 kwa saa, saa mbili sasa. Alifanyiwa upasuaji jana. Nadhani anapungukiwa maji au damu. Naomba uje umwone sasa." Aliyarudia kwa sauti katika maabara mara tano na visa vitano tofauti, kisha akatakiwa atoe ripoti moja ya kweli kila siku ya kliniki mbele ya mwalimu.

Kulikuwa na tukio jingine lisiloandikwa popote. Mgonjwa mmoja alisikia lafudhi yake akasema anataka "muuguzi wa kweli". Mwalimu alimhamishia mwanafunzi kitanda kingine kimyakimya, kwa nia njema. Lakini kimya hicho kilimwambia mgonjwa kwamba yuko sahihi, na kilimwambia mwanafunzi kwamba hakuna atakayesimama naye. Utaratibu uliowekwa baadaye uko hivi. Kwanza, je, kuna dharura, au mgonjwa amechanganyikiwa? Kama ndiyo, tiba inatangulia. Kama sivyo, mwalimu anaingia pamoja na mwanafunzi na kusema wazi kwamba huyu ni mwanafunzi wa shule, anafanya kazi chini ya usimamizi wake, na ndiye aliyepangiwa. Mgonjwa akiendelea kukataa, mwanafunzi anachagua abaki au ahamishwe, haamriwi. Akihamishwa anapewa mgonjwa mwenye mafunzo ya uzito uleule. Mazungumzo yanafanyika siku hiyohiyo, na tukio linaandikwa.

Yaliyokwama njiani

Posho ilichelewa. Fomu ilihitaji sahihi tatu, mmoja wa watia sahihi alikuwa safarini, na fedha iliyoahidiwa wiki ya 8 ilifika wiki ya 10. Katikati ya hapo mwanafunzi alirudi kwenye zamu ya tatu bila kusema, akaingia wodini hajalala. Mwalimu alimtoa kwenye mzunguko wa dawa siku hiyo. Alifanya sawa, usalama wa mgonjwa haujadiliwi. Tofauti safari hii ni kwamba aliuliza kabla ya kuandika, akapanga siku ya kufidia, na akampigia simu mshauri, ambaye ndiye aliyegundua kwamba fedha haijatoka.

Mlezi wa kwanza wa kitaaluma aliyepewa naye hakufaa. Alichaguliwa kwa sababu anatoka jamii moja naye, muuguzi mzuri lakini mwenye zamu zisizotabirika, na walionana mara moja tu. Kufanana asili kuna thamani yake, mwanafunzi anahitaji kuona kwamba mtu kama yeye amefika. Hakutoshi bila muda uliolipiwa na siku iliyopangwa. Nafasi ikachukuliwa na mhitimu wa mwaka mmoja nyuma, nusu saa kila wiki kwa simu, kwa malipo.

Jambo lililoshikilia yote haya pamoja ni kwamba mtu mmoja, mshauri, alibeba faili zima. Mwalimu wa kliniki aliambiwa ratiba ya zamu tu. Habari za mzazi mgonjwa hazikumfikia, kwa sababu mwanafunzi hakuridhia na hazikuhitajika.

Hesabu ya mwisho

Jaribio la tatu, wiki ya 9, alipata 38 kati ya 50, asilimia 76. La nne, wiki ya 12, alipata 40, asilimia 80. Mtihani wa mwisho 82. Majaribio manne kwa uzito wa 15 kila moja yanatoa 42.6, mtihani wa mwisho unatoa 32.8. Jumla 75.4.

Alipita kwa nukta nne za alama moja. Tazama sababu ya ufinyu huo. Baada ya jaribio la nne alihitaji 81 kwenye mtihani wa mwisho. Kama karatasi ingefunguliwa wiki ya 4, matokeo ya kwanza yalipotoka, na jaribio la pili likawa 76 badala ya 66, angehitaji 77.25 tu. Wiki tatu za barua pepe za onyo zilimgharimu karibu alama nne katika mtihani mgumu kuliko yote.

Ndiyo maana mabadiliko ambayo programu imeyapokea yanaanzia wiki ya 4. Aliye chini ya 75 hapokei tena mwaliko wa kuja akipenda. Anapewa miadi yenye saa, iliyopangwa ndani ya muda ambao tayari yuko chuoni, na anakuja na ratiba yake ya saa 168. Swali la kazi ya malipo linaulizwa kwa wote wiki ya 1, na ile sentensi ya mwongozo imeondolewa.

Famakolojia ataisoma katika muhula mfupi, ambao una mwendo wa kasi, vipindi vinne kwa wiki. Posho ya kipindi hicho haijaidhinishwa bado. Fomu imepunguzwa iwe na sahihi moja, na inapaswa kukamilika kabla mwajiri hajapanga zamu za mwezi, kwa sababu zamu zikishapangwa hawezi kuzikataa bila kupoteza kazi.